Kilimanjaro haikuwa zawadi

Mombasa

Sahibu yangu,

Salaam aleikum. Barua yako imefika, nami nakujibu upesi kabla hujaingia darasani na kile kisa cha Malkia Victoria kumtunuku mjukuu wake mlima Kilimanjaro. Tafadhali usiwafundishe watoto hayo. Mpaka kati ya eneo la Uingereza na la Ujerumani, ndio wa Kenya na Tanzania wa leo, ulikubaliwa tarehe 1 Novemba 1886, na mjukuu huyo, Wilhelm wa Pili, alishika ufalme wa Ujerumani Juni 1888.

Wafungulie ramani. Waanzie Vanga, kwenye mlango wa mto Umba. Mstari unakwenda moja kwa moja hadi ziwa Jipe, unalipitia mashariki na kaskazini, unavuka mto Lumi, halafu unapenya kati ya Taveta na Uchaga. Hapo watulize. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alipata hati ya mkataba Taveta. 1885 Mjerumani Jühlke akapata ya Mangi (mtawala wa Wachaga) Rindi wa Moshi. Kila dola ilishikilia karatasi yake, ndipo mstari ukapindia chini ya mlima upande wa kaskazini, kisha ukanyooka tena hadi Ziwa Victoria, kwenye latitudo ya 1 kusini.

Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, hakushirikishwa, na hilo linaniuma mpaka leo. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya Unguja. Ikaja tume ya Kitchener wa Uingereza, Schmidt wa Ujerumani na Patrimonio wa Ufaransa kukagua mamlaka yake pwani. Kilichoandikwa ni kile tu walichoafikiana wote watatu, kwa hiyo Mjerumani akikataa, ardhi ya Sultani inapungua. Sultani akaachiwa ukanda wa maili 10 kutoka maji yanapojaa, Mombasa ikiwemo.

Uingereza ililegea kwa ajili ya Misri. Ilikuwa imeikalia tangu 1882, na katika mambo ya madeni ya huko ilimhitaji Bismarck, Chansela wa Ujerumani.

Kasoro kubwa usiiruke: mstari uliishia ukingoni mwa ziwa. Magharibi pakabaki wazi, na mapema 1890 Mjerumani Carl Peters akatia mkataba na Kabaka Mwanga wa Buganda. Ikabidi Uingereza na Ujerumani waketi tena. Tarehe 1 Julai 1890 mstari ulipitishwa ziwani hadi mpaka wa Kongo. Ujerumani ikaacha Witu, karibu na Lamu, ikakubali himaya ya Uingereza juu ya Unguja na Pemba, yenyewe ikapewa kisiwa cha Heligoland, huko Bahari ya Kaskazini, Ulaya.

Nisalimie wa nyumbani.

Wasalaam,
Sahibu yako