Uso wa mwanao

Mkomani, Lamu

Kwako mwandani wangu,

Salamu nyingi. Barua yako niliipokea jana alasiri, na tangu hapo sikutulia, kwa sababu ulivyomweleza mwanao, mdomo umekwenda upande na jicho la kushoto halifumbi hata akilala, ndivyo alivyokuwa mtoto wa dada yangu mwaka juzi. Namkumbuka akinywa chai ya maziwa, nayo ikimchirizika pembeni mwa mdomo hadi kwenye kanzu, huku akicheka kwa upande mmoja. Sisi tulisema ni upepo, tukamnywesha kombe, yale maji yaliyooshea maandishi ya aya za Kurani (silikani kombe, lilitutuliza nyoyo), kisha tabibu mmoja akampa vidonge vya prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, na uso ukaanza kurudi. Tulishangilia mapema mno.

Wiki chache baadaye alilia miguu usiku kucha, fizi zikavuja damu, na mapaja yakajaa mavilio ilhali hakuanguka popote. Kipimo kilionyesha saratani ya damu, yaani leukemia. Daktari wa Mombasa alitueleza kwamba seli za saratani hiyo huweza kuivamia neva ya saba, ile inayouendesha uso, na kwamba vidonge vile vile ni miongoni mwa dawa za kutibu leukemia ya watoto; vikitangulia peke yake kabla ya kupima, ugonjwa hunywea kwa muda, ukawa mgumu kutambulika.

Sikutishi. Watoto wengi wanaopooza uso hawana saratani, na wengi hupona kwa wiki au miezi. Lakini umeandika, kama jambo la kupita, kuwa mtoto amepauka na hushinda amelala, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Kabla hajameza kidonge cha prednisoloni, omba apimwe damu kamili, zihesabiwe chembe nyekundu, nyeupe na zile za kugandisha, na damu yenyewe iangaliwe kwa darubini. Usione haya kwa daktari. Mweleze kisa chetu. Jicho nalo litiwe matone, lisikauke, na usiku lifunikwe.

Wetu angali kwenye matibabu, ambayo huchukua miaka 2 hadi 3, nasi twazoea boti ya Mokowe na basi la Mombasa kila anapoitwa. Majibu yakitoka nipigie simu saa hiyo hiyo, usingoje kuandika.

Akupendaye,
Mwandani wako