Mnyororo wa mbuyu wa Bagamoyo haukumfunga mtumwa

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia, na ningeendelea kunyamaza kama si ile taarifa ya kurasa mbili kuhusu misheni ya Bagamoyo. Picha kubwa kuliko zote ilikuwa ya ule mbuyu wa uwanjani, kipande cha mnyororo kikichungulia kwenye gome, na chini yake mmeandika kwamba hapo ndipo watumwa walipofungwa wakisubiri jahazi. Si kweli. Mbuyu ule waliupanda wamisionari wenyewe mwaka 1868, mwaka ule ule walioweka makazi Bagamoyo. Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, Juni 1873, mti ulikuwa na miaka 5. Mnyororo, kwa masimulizi ya misheni yenyewe, ulifungwa miaka ya 1890 na Madame Chevalier, mama aliyehudumia wagonjwa, ili amfunge punda wake. Akausahau, shina likanenepa na kuumeza.

Mwezi uliopita nilikuwepo basi la wanafunzi lilipofika. Mbuyuni walikaa karibu saa nzima, kila mmoja akipigwa picha ameshika mnyororo. Kwenye makaburi ya misheni hawakupelekwa. Mwalimu wao alisema gazeti limeshaeleza yote.

Gazeti halikueleza. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walivuka kutoka Unguja wakiwa na kusudi la kilimo: wapate ardhi ya kutosha, wawaweke watu waliokombolewa, pazaliwe kijiji cha Wakristo wakulima. Waliowekwa pale hawakuwa wenyeji. Walitoka pande za Ziwa Nyasa, Uyao, Manyema na kwingineko. Wengine walinunuliwa sokoni Unguja, na baadaye wengine walishushwa kutoka majahazi yaliyokamatwa na manowari za Waingereza, wakakabidhiwa misheni. Watoto walilelewa humo, wakafundishwa useremala, uhunzi na shamba. Walipokua waliozeshwa, wakapewa nyumba na kipande cha ardhi kijijini, huku wakidaiwa kazi kwenye mashamba ya misheni. Kimbunga cha Aprili 1872 kilibomoa karibu kila walichojenga, wakaanza upya. Mwaka 1877 familia kutoka kijiji hicho zilipelekwa kuanzisha misheni ya Mhonda, kisha ikafuata ya Mandera mwaka 1881. Hao ni walowezi, Mhariri, walioletwa bila kuulizwa. Mwandishi wenu amewamaliza kwa sentensi moja, kwamba “waliachiwa huru”. Utumwani walitoka, ila ruhusa ya kwenda watakako hawakuwa nayo, na waliotoroka kijijini wanatajwa katika maandishi ya mapadre wenyewe.

Halafu ile hesabu. Mwandishi amechukua idadi ya waliobatizwa akaiita idadi ya wakazi. Hapa ndipo nilipokasirika kweli, maana kosa hili linarudiwa kila baada ya miaka michache na kila mara linakuwa nene zaidi. Kitabu cha ubatizo si sensa. Walioshushwa majahazini walifika na kuhara, ndui na njaa, wakabatizwa wakiwa mahututi. Pembeni mwa jina padre huandika kwa Kilatini “in periculo mortis”, yaani katika hatari ya kufa, na wengi wa hao hawakuishi kijijini hata wiki. Anayetaka wakazi afungue vitabu vitatu pamoja, ubatizo, ndoa na vifo, amfuate mtu mmoja mmoja. Asitafute jina kwa tahajia ya leo: mwandikaji ni Mfaransa, kwa hiyo “u” ataikuta “ou”, “j” ataikuta “dj”, na “ch” ataikuta “tch”. Juma ni Djouma. Uzaramo ni Ouzaramo. Anayetafuta Juma kwenye J atasema hayumo, na ukoo mzima utapotea kwa herufi moja. Tena asiliamini sana jina la kabila. “Mnyasa” aliitwa yeyote aliyepitishwa njia ya ziwani, hata kama alizaliwa mwendo wa majuma kutoka huko. Wazazi wakiandikwa “ignoti”, maana yake padre hakuwajua; mtoto huenda aliwajua vizuri sana, ila hakuna aliyemuuliza kwa lugha yake.

Na kwa kuwa mmesifu “ukarabati” wa majengo ya kale pwani, niseme na hilo. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu unaopanda kutoka ardhini hukosa pa kutokea. Chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na baada ya masika chache lipu hubanduka na uso wa jiwe ndani yake. Rangi ya mafuta hufanya vilevile. Dawa yake ni chokaa iliyozimwa na kukaa majini kwa miezi, sehemu 1, na mchanga wa mtoni uliooshwa, sehemu 3. Usitumie mchanga wa ufukweni, una chumvi. Lipu ifunikwe magunia mabichi wiki nzima isikauke kwa kasi. Ni kazi ya polepole, na fundi anayeijua bado anapatikana ukiuliza.

Ninachoomba ni hiki. Chapisheni sahihisho kwenye ukurasa ule ule, kwa ukubwa ule ule wa picha, lakini picha iwe ya makaburi. Mwandishi wenu aende na daftari, achague majina 10 tu, ayatafute kwenye vile vitabu vitatu na aandike alichokiona. Mpiga picha afike saa moja asubuhi, jua likiwa bado chini upande wa bahari, kwa sababu herufi zilizolika husomeka kivuli kikilala ndani yake. Saa sita jiwe lote huwa jeupe. Na asisugue kaburi kwa brashi ya waya wala kulipaka chaki ili jina lionekane.

Msomaji wenu,
Bagamoyo