Harambee ya Viti 10 kwa Wagonjwa wa Mapafu

Wapendwa waumini na majirani wa Kayole,

Tunahitaji shilingi 94,000 ili tuanzishe ukumbini darasa la mazoezi kwa wenye ugonjwa sugu wa mapafu: walioumizwa na sigara, na moshi wa kuni na makaa, au na makovu ya kifua kikuu kilichokwisha kupona.

Inhela, kile kifaa cha kuvutia dawa kwa mdomo, hupanua njia za hewa, lakini haijengi paja. Mtu akikosa pumzi kwenye ngazi, kesho anaziepuka. Anakaa, mapaja yananywea. Msuli dhaifu hutoa asidi ya laktiki mapema, hivyo mwili unazidi kuhema kwa kazi ile ile. Kuna wanaokwama ghorofa ya pili kwa sababu miguu imeisha nguvu, wala si pumzi. Kwa hiyo miguu ndiyo tutakayoanza nayo.

Mtaalamu wa fiziotherapia atakuja mara mbili kwa wiki, kwa wiki 8. Siku ya kwanza kila mgonjwa atatembea dakika 6, kwenda na kurudi, kwenye baraza la ukumbi lenye mita 30. Tafadhali msiegeshe pikipiki hapo: njia ikifupishwa, kugeuka kunaongezeka na kipimo kinapotea. Mwishoni tutapima tena, na nyongeza ya mita 30 hivi ni nafuu ambayo mgonjwa mwenyewe huihisi.

Kazi kubwa ni kuketi na kusimama. Viti vya plastiki tulivyo navyo huteleza kwenye vigae na miguu yake hupanuka, na mzee anaweza kuvunjika nyonga. Tunataka vya mbao, visivyo na mikono, kimo cha sentimita 46, na vitaegemezwa ukutani. Wakati wa kuinuka mtu anatoa pumzi kwa midomo iliyobanwa, kama anayepuliza chai ya moto. Halafu mifuko ya mchanga kwenye vifundo vya miguu: nusu kilo, kuinua mara 8 hadi 12, raundi mbili. Akifikisha 12 bila taabu, nusu kilo nyingine.

Oksimita, kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, hatuwezi kuikwepa, maana Nairobi iko juu na hewa yake ni nyepesi. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 88, mgonjwa anapumzika. Rangi ya kucha na vidole baridi huidanganya oksimita. Maumivu ya kifua ni kusimamisha zoezi na kwenda hospitali mara moja.

Viti 10 kwa 3,500 ni 35,000. Oksimita 4 kwa 3,000 ni 12,000. Nauli na posho ya mtaalamu, vipindi 16 kwa 2,500, ni 40,000. Turubai na uzi wa mifuko ya mchanga, koni na utepe wa kupimia ni 7,000.

Mchango utapokelewa na mweka hazina baada ya ibada, Jumapili ya mwisho wa mwezi, na kila mtu atapewa risiti. Asiye na fedha alete mchanga uliochekechwa na kukauka kabisa. Wenye unyevu huozesha turubai. Mafundi cherehani, tunawahitaji Jumamosi saa nane mchana kushona mifuko hiyo.