Savana si msitu uliochakaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu makala yenu ya upandaji miti, ile iliyoiita savana, yaani nyika ya nyasi yenye miti iliyotawanyika, "msitu uliochakaa". Nina miaka 22 katika maabara ya kupima majani, na maneno hayo yameniuma.

Hivi karibuni nililetewa gunia lenye majani ya msituni na ya savana yaliyochanganywa. Nilipouliza lipi limetoka wapi, nikaambiwa yote ni majani tu. Nilikaa nayo siku nzima nikiyachambua. Hata kabla ya kupima, mkono unatambua: mengi ya msituni yalikuwa membamba, yakitoka kwenye tanuri la nyuzi 70 yanasagika kwa vidole, ya savana mengi yalikuwa magumu kama ngozi, na kinu kililalamika. Unga wake huchemshwa kwenye asidi ya salfuriki, kwa njia aliyoibuni Johan Kjeldahl wa Denmark mwaka 1883. Kwanza huwa mweusi tii, kisha taratibu hung'aa. Mwishoni unadondosha asidi tone kwa tone mpaka kimiminika cha kijani kigeuke waridi, na hapo ndipo unapojua naitrojeni, kirutubisho cha mimea, ni kiasi gani. Majani mengi ya miti yana miligramu kati ya 10 na 30 katika gramu moja ya jani kavu. Fosforasi ni haba zaidi, mara nyingi miligramu 1 hivi.

Huko Brazil, wakilinganisha miti ya jenasi moja, yaani ndugu wa karibu, mmoja wa msituni na mwenzake wa savana wanayoiita cerrado, kwa kawaida huyu wa savana ana jani nene lenye naitrojeni na potasiamu pungufu. Ukiishia hapo utasema savana ni maskini. Lakini chukua mgunga. Vijani vyake vidogo mara nyingi vimesheheni naitrojeni, maana vinundu vya mizizi yake vina bakteria wanaoinasa hewani. Miti ya miombo, nayo ya nyika vilevile, mingi haina vinundu hivyo; inategemea kuvu walioshikamana na mizizi. Kwa hiyo kuuliza "msitu au savana?" hakutoshi. Uliza mti gani, kwenye udongo gani, na moto hupita mara ngapi, kwa sababu moto ukipita naitrojeni nyingi hupaa na moshi, ilhali fosforasi na kalsiamu kwa sehemu kubwa hubaki kwenye majivu.

Na msitu nao usidhaniwe una udongo ulionona. Misitu mingi ya mvua imesimama juu ya udongo mkongwe uliooshwa kwa maelfu ya miaka. Sehemu kubwa ya akiba yake imo mwilini mwa miti na kwenye majani yanayooza chini yake.

Kuna kosa jingine ninaloliona kila mara. Watu huokota majani yaliyoanguka, wakayaleta kupimwa, kisha wakatangaza kwamba ardhi imechoka. Kwa kawaida mti, kabla ya kuliachia jani, huvuta na kurudisha tawini karibu nusu ya naitrojeni na fosforasi yake, hata zaidi. Lile la njano ulilookota ni ganda tu.

Mpango wa AFR100, uliozinduliwa mwaka 2015, unalenga kurejesha uoto kwenye hekta milioni 100 za ardhi iliyoharibika barani Afrika ifikapo 2030. Siupingi hata kidogo. Ila savana ikijazwa miti inayofunga kivuli, nyasi zake nyingi hufa, kwani hazivumilii kivuli, na wanyama wanaozila hukosa malisho. Naomba wanaopanga kupanda miche wachume kwanza majani mabichi ya miti iliyopo, yale ya juu yanayopigwa na jua, wayatie kwenye mifuko ya karatasi, kila mfuko uandikwe jina la mti na mahali. Nanyi, Mhariri, naomba mlisahihishe lile neno "uliochakaa".

Wako,
Mpima majani