Ugomvi wa ukuta ulianza na viti, Mhariri

Mhariri, salamu. Nimesoma makala yenu ya Jumapili kuhusu Yerusalemu, nimeisoma mara mbili na bado nimebaki na kitu rohoni. Mwandishi anasema ati Wayahudi na Waislamu wanagombana pale tangu enzi na enzi, ni mambo ya dini, hayana dawa, basi kafunga makala. Siafiki kabisa. Ukifuata yale mambo mwaka kwa mwaka utaona ugomvi wa Ukuta wa Magharibi, huo ulio ubavuni mwa uwanja wa Aqsa na sisi Waislamu tunauita Ukuta wa Buraqi, ulikuwa wa vitu vidogo mno, viti, taa, mikeka, pazia, na hapo ndipo palipo na somo lote ambalo makala imeliruka.

Zamani pale palikuwa kichochoro tu, urefu kama mita 28 na upana haufiki mita nne, upande mmoja mawe makubwa ya enzi za mfalme Herode, upande wa pili nyumba za Wamaghribi, Waislamu wa Afrika Kaskazini, waliowekwa pale baada ya sultani Salahuddin kuuchukua mji kwa Wazungu wa Msalaba, na mtaa wote ni wakfu, mali ya dini isiyouzwa. Wayahudi walikuja kusali na kulilia Hekalu lao la kale lililobomolewa, walipita humohumo kwenye ardhi ya wakfu na kwa muda mrefu maisha yalienda. Mwaka 1840, Wamisri wakitawala, Wayahudi waliomba kupatandika mawe chini. Wakaambiwa njooni msali kama ilivyokuwa zamani, ila mawe hapana, na sauti msipaze.

Sasa mimi nimekulia Mji wa Kale hapa Mombasa na hili nalielewa bila kufundishwa. Jirani akiweka benchi mbele ya baraza yako leo, unanyamaza kwa sababu ya ujirani. Mwaka ujao kaweka turubai, mwaka wa tatu kajenga ukuta, ukimuuliza anakwambia hapa ni pangu tangu zamani na mashahidi anao. Mwaka 1911 msimamizi wa wakfu alilalamika kwa serikali ya Kituruki kuhusu viti vya Wayahudi na hoja yake ilikuwa hiyohiyo, leo viti kesho watadai milki. Lakini huyo mzee wa Kiyahudi aliyeleta kiti je? Kafunga kutwa nzima, miguu inatetemeka, anataka kukaa tu. Wote wawili wana haki yao, na hicho ndicho kinachoniuma nikisoma habari hizi.

Halafu ikaja Septemba 24, 1928, Siku ya Upatanisho, siku kubwa kuliko zote kwao. Waliweka pazia kutenga wanaume na wanawake, kitu ambacho Mwislamu yeyote anakijua maana na sisi misikitini tunatenga. Waingereza, waliotawala Palestina wakati huo, wakasema hilo ni jambo jipya, liondoke, asubuhi polisi wakaja kuling'oa watu wako katikati ya sala, wengine wameling'ang'ania. Pazia la kitambaa! Kutoka hapo kila upande ukawa unausoma mwenzake vibaya. Baraza Kuu la Waislamu chini ya Haj Amin al-Husseini, mufti wa Yerusalemu, likafungua mlango mwisho wa kichochoro, pakawa njia ya watu na punda, na pembeni zikri ikaanza kupigwa wakati wenzao wanasali. Mimi zikri naipenda, nimekua nayo, lakini zikri ya kumziba mtu sala yake sijui ni ibada gani. Agosti 1929 vijana wa Kiyahudi wakaandamana hadi ukutani na bendera yao, kesho yake Waislamu nao wakaandamana, na baada ya wiki moja damu ikamwagika nchi nzima, Wayahudi 133 wakafa na Waarabu 116. Mji wa Hebron peke yake waliuawa Wayahudi karibu 70, watu walioishi na majirani zao miaka na miaka.

Hapa sasa ndipo nilipotaka makala yenu isimame, haikusimama. Mwaka 1930 ilikuja tume kwa idhini ya Ligi ya Mataifa, iliyotangulia Umoja wa Mataifa wa leo, Mswidi, Mswisi na Mholanzi, wakakaa wakasikiliza mashahidi 52. Wakasema ukuta na ile njia ni mali ya Waislamu, ni wakfu. Na wakasema Wayahudi wana haki ya kufika kusali wakati wowote. Yaani walitenga mwenye mali na mwenye haki ya kusali, na mmoja hamfuti mwingine. Viti na mapazia vilikatazwa, pembe ya kondoo ilikatazwa kupulizwa, lakini zikri nayo ilikatazwa karibu na pale wakati wa sala zao na hotuba za siasa zikakatazwa kwa wote. Ikawa sheria mwaka 1931. Haikumfurahisha mtu, vijana wa Kiyahudi waliendelea kupuliza pembe kwa kujificha kila mwaka na kufungwa jela, na nadhani kumkataza mtu pembe ya ibada yake lilikuwa kosa, lakini ule msingi wa kutenga milki na sala ulikuwa sahihi.

Kilichofuata ni kila mwenye nguvu kuukanyaga msingi huo. Kuanzia 1948 chini ya Jordan Wayahudi hawakusali pale miaka 19, ingawa mkataba wa 1949 wa kusimamisha vita kati ya Israeli na Jordan uliandika wazi kuhusu kufika mahali patakatifu. Juni 1967 Israeli ikauteka mji, na usiku wa tarehe 10 matingatinga yakaingia mtaa wa Wamaghribi, watu wakapewa muda mfupi tu watoke, mtaa wa miaka karibu 800 ukawa uwanja. Leo ugomvi umepanda juu kwenye uwanja wa Aqsa kwenyewe, nani asali na nani atazame tu, na tena unaanza na vitu vidogo, mtu kutikisa midomo, mtu kuinama.

Ombi langu kwako Mhariri, mkirudi kwenye habari hii ichapeni ile hukumu ya 1930, hata kurasa mbili tu, na mtutafutie picha ya ule mtaa kabla haujabomolewa.

Msomaji wenu,
Mombasa