Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Safari ya Aldabra na Mengineyo

Waheshimiwa wanachama wa chama chetu cha wazamiaji,

Hamjambo nyote, wenyeji wa hapa Kisumu na ninyi mliodamka alfajiri kutoka Nakuru, Eldoret na Kakamega. Katiba yetu inamtaka mwenyekiti aeleze kamati ilifanya nini tangu mkutano uliopita. Najua wengi mmekuja kusikia jambo moja tu, kwa hivyo mengine nitayapitia mbiombio.

Kompresa ya kujazia mitungi ya hewa ilitengenezwa na inafanya kazi. Hoteli inayotukodishia bwawa imekubali tuendelee, ila saa zetu zimesogezwa hadi jioni kwa ajili ya wageni wa wikendi. Kuzamia ndani ya Ghuba ya Winam tumekukomesha. Gugumaji, viboko, kichocho, na maji ambayo huoni hata kiganja chako. Hakuna mwanakamati aliye tayari kwenda kuieleza familia ya mtu kwa nini tuliruhusu. Mazoezi ya ziwani sasa yatafanyika upande wa Mfangano, kwenye maji ya wazi, na kwa ridhaa ya BMU, kamati ya kusimamia ufuo wa pale. Waliofanya mafunzo ya uokoaji na ya kumpa mgonjwa oksijeni wote wamefaulu. Hongera kwao.

Sasa Aldabra.

Mkutano uliopita ulipitisha, kwa makofi mengi, kwamba safari yetu kubwa iwe ya visiwa vya Aldabra, Shelisheli. Kamati haijabadilisha uamuzi huo. Imeusogeza mbele kwa mwaka mmoja, na nimesikia manung'uniko kwamba mwenyekiti anaogopa bahari. Tafadhali nisikilizeni kwanza.

Ukiitazama ramani kwa haraka utadhani Aldabra ni jirani. Kutoka huko hadi pwani ya Tanzania ni kama kilomita 640. Hadi Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, ni zaidi ya kilomita 1,100. Lakini upande wetu hauna mlango. Unaruka kutoka Nairobi hadi Mahé, unagongewa muhuri huko, kisha unarudi tena magharibi: ama kwa meli ambayo wazamiaji hulala humo humo, mwendo wa zaidi ya siku mbili, ama kwa ndege ndogo ya kukodi hadi kiwanja cha kisiwa cha Assumption, halafu unamalizia kwa chombo. Aldabra yenyewe haina hoteli wala kijiji. Wanaoishi pale ni wafanyakazi wa Wakfu wa Visiwa vya Shelisheli, wanaovitunza visiwa hivyo vilivyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 1982. Kobe wakubwa wa nchi kavu waliopo wanapita 100,000. Katikati kuna wangwa mpana, yaani ziwa la maji ya chumvi lililozungukwa na visiwa, na maji yake huingia na kutoka kupitia milango minne tu. Bahari inapokupwa, mkondo kwenye milango hiyo huwa kama mto Nyando wakati wa masika, na hapo ndipo chewa na papa hukusanyika. Hapo ndipo kila mmoja wetu anatamani kuzamia.

Ndiyo maana kamati ilianza kuipanga safari hii kutoka mwisho wake. Swali letu la kwanza lilikuwa: mtu akiumia akiwa chini, atafika wapi, na baada ya saa ngapi? Bei ya meli ilifuata baadaye.

Tunajua sote kwamba naitrojeni tunayoivuta kwenye kina huingia mwilini, na ukipanda haraka hugeuka viputo kwenye damu na maungo. Tiba yake ni oksijeni, kisha chumba cha shinikizo. Chumba tutakachokitegemea kiko Mahé. Ndege ya kumbeba mgonjwa inahitaji kiwanja, hali ya hewa nzuri na rubani atakayekubali kuruka chini, kwa sababu mwenye viputo akipandishwa juu angani huzidiwa. Kwa hiyo masharti yetu yatakuwa makali kuliko ya mwenye meli. Hakuna atakayeshuka zaidi ya mita 30, hata kama cheti chake kinamruhusu. Hakuna kuzamia kunakohitaji vituo vya lazima wakati wa kupanda. Mchana mmoja katikati ya safari utakuwa wa mapumziko. Kila mmoja awe na bima ya wazamiaji inayolipia uokoaji wa ndege. Bima ya kawaida ya hospitali haitoshi. Someni maandishi madogo. Na meli isiyotuonyesha oksijeni ya kutosha kumfikisha mgonjwa hospitalini hatutailipa hata senti.

Daktari wetu aliongeza jambo ambalo vitabu vya mafunzo vilivyoandikwa ughaibuni havilitilii mkazo, nalo linatuhusu sisi wa kanda ya ziwa kuliko wote. Malaria ya kawaida hapa huchukua siku saba hadi wiki mbili au zaidi tangu mbu akuume hadi homa ianze. Maana yake, mtu anaweza kuondoka Kisumu mzima kabisa, na homa imshike akiwa katikati ya Bahari Hindi. Uchovu na maumivu ya viungo vya malaria hufanana na ya viputo. Fikiria kiongozi wa wazamiaji usiku, kilomita elfu kutoka hospitalini, akijaribu kuamua ni lipi kati ya hayo mawili. Tutabeba vipimo vya haraka vya malaria na dawa kamili. Atakayekuwa na homa hatazamia, hata kama ni siku ya mwisho na hata kama amelipa zaidi ya wengine. Anayetumia dawa ya kinga amwone daktari mapema, kwa sababu meflokwini huleta kizunguzungu na wasiwasi, na haifai kwa mzamiaji.

Kuna pia habari ya mwinuko, ambayo watu wa Pwani hawana haja ya kuifikiria. Ziwa letu liko mita 1,130 hivi juu ya bahari. Hewa hapa ni nyepesi, kwa hivyo kuzamia mita 18 Mfangano huhesabiwa kwenye jedwali la wazamiaji kama zaidi ya mita 20. Hilo tumelizoea. Tusichokizoea ni safari ya kurudi nyumbani. DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, hushauri aliyezamia mara nyingi kwa siku kadhaa asipande ndege kabla ya saa 18 kupita. Sisi tumeweka 24. Hewa ndani ya ndege ya abiria hulingana na ya mlima wa hadi kama mita 2,400. Sasa wenzetu wa Eldoret, hebu fikirini: kituo cha reli cha Timboroa kiko zaidi ya mita 2,700. Basi la usiku linawapandisha juu kuliko ndege! Ninajua wapo waliokuwa wakizamia Diani asubuhi na jioni wanakata tiketi ya kurudi Nakuru, wakiamini wako salama kwa kuwa hawakuruka. Tabia hiyo iishe. Baada ya bahari tutalala pwani, na barabara ya milimani itahesabiwa kama ndege.

Kabla ya Aldabra tutakwenda Shimoni na Kisite wakati wa kaskazi, bahari ikiwa imetulia na maji yakiwa safi. Safari hiyo si ya hiari. Waliojifunza kwenye bwawa na ziwani watagundua kwamba maji ya chumvi yanawarusha juu. Mtu wa kilo 80 pamoja na vifaa huhitaji kama kilo mbili zaidi za vizito vya madini ya risasi kwenye mkanda. Ni heri tulijue hilo Kisite, mashua ikiwa pembeni, kuliko kwenye mlango wa Aldabra mkondo ukikuvuta nje. Kila mtu atafanya mazoezi ya kurusha boya la ishara akiwa chini, ya kuzamia na mkondo bila kushika matumbawe, na ya kukaa na mwenzake. Nahodha mmoja wa huko alitufundisha kuchagua siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo, badala ya bamvua kwa mahali penye mkondo, nasi tutaiomba meli ifuate kalenda hiyo. Safari yenyewe tunaipangia tanga mbili, kati ya Machi na Aprili, kaskazi inapolegea na kusi haijashika.

Vibali. Kuingia Aldabra ni kwa idhini ya wakfu niliotaja, na kuna ada kwa kila mgeni. Shelisheli haitudai viza, ila idhini ya kusafiri huombwa mtandaoni kabla ya kuondoka, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kenya. Viatu, mikoba na hata mifuko ya suruali vitakaguliwa visije na mbegu au wadudu. Msione ni usumbufu. Sisi tulioletewa gugumaji ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na bado tunapambana nalo, tunawaelewa vizuri. Mbuzi walioachwa Aldabra na mabaharia wa zamani walimalizwa mwaka wa 2012 tu, baada ya kazi ya miaka mingi.

Jingine lililonigusa ni kwamba mwaka wa 2019 watu wa kujitolea waliondoa tani 25 za takataka kwenye fuo za visiwa hivyo visivyo na kijiji, na ndani yake kulikuwa na makumi ya maelfu ya kandambili. Nilikumbuka Flipflopi, ile jahazi ya plastiki iliyong'oa nanga hapa Kisumu mwaka wa 2021 kulizunguka ziwa. Kamati inapendekeza tuulize kama tunaweza kutoa siku moja ya kuokota. Wakikataa, basi.

Gharama sitazitaja leo, kwa sababu meli hutoza kwa dola au yuro na shilingi yetu haitabiriki. Malipo yatakuwa ya kidogo kidogo kila mwezi kupitia akaunti ya chama, si kwa simu ya mwanakamati yeyote, mimi nikiwemo. Atakayejiondoa baada ya meli kulipwa atarudishiwa tu kile ambacho meli itarudisha. Nafasi ni chache, na zitatolewa kwa waliokamilisha Shimoni, si kwa waliotangulia kulipa. Najua kipengele hiki kitaleta mjadala. Mjadala uwe leo, humu ukumbini.

Fomu za daktari zimfikie katibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao, zikiwa na sahihi na muhuri. Mwenye pumu, mwenye shida ya masikio na aliyefanyiwa upasuaji wa kifua amwone daktari ana kwa ana. Mweka hazina, karibu usome hesabu.