Barua kwa mwanangu alieko Tbilisi, mji mkuu wa Jojia (Georgia)

Mwanangu, asalaam aleikum. Ulivonambia barabara za huko zina majina ya kuvunja ulimi na dereva wa teksi wamuonyesha simu tu, nikasema ntakuandikia, manake majina hayo ni ya watu, na wako Wajojia ambao habari zao zimefika mpaka huku kwetu Mombasa na wengi hatujui.

Ukoo mkubwa kuliko wote ni Bagrationi. Hao wametawala tangu karne ya 9 mpaka Mrusi alipoichukua nchi mwaka 1801, karibu miaka 1000 ukoo mmoja, Mazrui wetu waliotawala hapa Mombasa hawakufika hata 150. Barabara ya Agmashenebeli ni mfalme wao David wa Nne, alieshinda vita vya Didgori 1121 na mwaka uliofuata akaingia Tbilisi, mji uliokuwa mikononi mwa Waislamu kwa karne kadhaa. Mtu ungetarajia awachinje lakini wanahistoria wa Kiislamu wenyewe ndio waliomsifu, ati alipiga marufuku nguruwe kuchinjwa upande wa Waislamu ili wasiudhike. Kitukuu chake ni Tamar, alietawala kuanzia 1184 hadi 1213. Wakubwa walimuoza mwana wa kifalme wa Kirusi, Yuri, akamuona mlevi hana maana akamuacha akamfukuza nchini, jamaa akarudi na jeshi akapigwa, akarudi tena akapigwa tena! Huyo mama nampenda sana.

Chavchavadze wa ile barabara ya mtaa wa Vake ni Ilia, mwandishi, kabaila kwa kuzaliwa lakini kalamu yake ilikuwa upande wa wakulima, akauawa 1907. Kuna Nino pia wa ukoo huohuo, aliolewa na mwandishi wa Kirusi Griboyedov akiwa na miaka kama 16, miezi michache mume akauawa Tehran, na Nino hakuolewa tena mpaka anakufa.

Sasa sikiza hawa wa ukoo wa Undiladze, ndio hasa nilitaka kukwambia.

Zama zile vijana wa Kijojia walikuwa wakitekwa wakapelekwa Uajemi (Iran ya leo), wakasilimishwa, wakafanywa askari wa Shah, yaani mfalme wa huko. Mmoja wao akapewa jina Allahverdi Khan, akapanda cheo mpaka Shah Abbas akamfanya mkuu wa majeshi na gavana wa jimbo la Fars. Lile daraja la matao 33 pale Isfahan ndie alielisimamia. Mwanawe Imam Quli Khan akarithi ugavana, na mwaka 1622 akishirikiana na meli za Waingereza akamtoa Mreno kisiwa cha Hormuz, kwenye mlango wa Ghuba. Mreno akabaki kujishikilia Muscat, Waomani wakamtoa hapo 1650, kisha wakamfuata mpaka huku na 1698 wakaiteka Ngome ya Yesu. Sisemi Mjojia ndie alieikomboa Mombasa, la, lakini Mreno alianza kulegea kwenye Ghuba kwa mkono wa mtoto wa mateka wa Kijojia, na hilo shuleni hatukufundishwa.

Ila historia haina mtu msafi. Huyohuyo Imam Quli, pale mji wa Shiraz huko Fars, ndie aliekuwa akimuweka kizuizini Ketevan, malkia wa Kakheti, ufalme wa mashariki ya Jojia, Mjojia mwenzake. Shah alitaka asilimu, mama akakataa, akateswa kwa vyuma vya moto mpaka akafa mwaka 1624. Mimi ni Muislamu na nakwambia hiyo ilikuwa dhulma tupu, Qur'ani imesema hakuna kulazimishana katika dini bas, Shah hakuwa na hoja. Mapadri wa Kireno wa shirika la Augustino wakachukua mifupa yake wakaificha, mingine ikafika Goa kule India, na mapadri wa shirika hilohilo huko Goa ndio waliomlea Yusuf bin Hassan wetu, yule mtoto wa sultani wa Mombasa waliembatiza Jerónimo, akarudi hapa na mwaka 1631 akamuasi Mreno. Hiyo mifupa ilipatikana miaka ya karibuni kwenye magofu ya kanisa huko Goa, India ikawapa Wajojia sehemu yake 2021.

Na Undiladze je? Shah Safi, aliemrithi Abbas, aliwaogopa kwa vile walivokuwa na nguvu, kakake Imam Quli alipoasi, 1632 Shah akamuua Imam Quli na wanawe. Vizazi viwili tu, kwishnei.

Likizo ukienda Kutaisi pita Gelati, ile monasteri, mfalme David kazikwa pale langoni, inasemekana aliusia mwenyewe ili kila anaeingia akanyage kaburi lake. Nipigie video nilione hilo jiwe.

Mamako auliza koti umenunua au bado, pesa ilishatumwa. Ikipungua sema mapema, sio mpaka mwenye nyumba agonge mlango.

Babako